Walivyoiriseti ruta yangu, na nilivyoirudisha mtandaoni bila fundi

Nimeirudisha intaneti ya nyumbani kwangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nalisema hilo kwa fahari, kwa sababu watu wanne waliniambia nisijisumbue, niite fundi.

Naishi Tabata, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, naifanyia nyumbani, na bila intaneti sina kipato. Ijumaa ile jioni nilikuwa na kurasa 40 zinazotakiwa kumfikia mteja kabla ya Jumatatu asubuhi, mtandao ukakatika. Kijana wa jirani, anayesifika mtaani kwa mambo ya simu na kompyuta, alikuwa sebuleni kwangu na wanangu. Akasema, "Shangazi, hiyo dawa yake riseti tu. Una pini?" Nikampa pini ya mtandio. Akaichomeka kwenye kile kitundu nyuma ya ruta, akahesabu hadi kumi, taa zote zikazimika, kisha zikawaka upya. Intaneti haikurudi. Jina la waifai yetu nalo likatoweka, mahali pake pakatokea jina la kiwandani lenye namba nyuma.

Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Kuristati na kuriseti yanafanana masikioni, lakini ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Ukiizima ruta kwenye swichi, ukasubiri nusu dakika, ukaiwasha, haipotezi kitu. Ukikibonyeza kile kitundu sekunde kumi, inasahau kila ilichofundishwa tangu siku ilipofungwa, pamoja na yale ambayo kampuni ya intaneti iliyaingiza humo na wewe hukuwahi kuyaona. Mtu akikwambia uriseti, muulize kwanza kama anajua cha kuingiza baada ya hapo. Asipojua, aiache pini.

Na kumbe ruta haikuwa na kosa lolote! Jumamosi asubuhi nilipiga huduma kwa wateja, dada aliyepokea akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza usiku ule: "Mama, kwenye kile kisanduku cheupe kuna taa nyekundu?" Kisanduku hicho ndicho kinachopokea waya wa faiba kutoka nje na kuipa ruta intaneti. Nikainama. Ipo, imeandikwa LOS, inapepesa. Maana yake mwanga wa faiba haufiki. Nikakumbuka kwamba siku mbili nyuma tulisogeza kabati la televisheni. Ule waya mwembamba wa faiba ndani yake ni kioo, na kinachosafiri humo ni mwanga; ukiukunja kwa kona kali, mwanga unavujia pale kwenye kona. Nikavuta kabati, nikakuta waya umebanwa ukutani kama karatasi iliyokunjwa. Nikaunyoosha taratibu, nikauacha uzunguke kwa duara pana. Haikupita dakika, nyekundu ikazimika na taa ya PON, inayoonyesha kwamba faiba imeunganika, ikatulia kijani. Nashukuru kioo hakikuwa kimevunjika, maana hapo ingebidi waje wenyewe na mashine yao ya kuunga.

Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza ulipona kwa kuvuta kabati. Ukabaki wa pili, ule wa pini.

Ushauri ukamiminika. Fundi mmoja alitaka elfu thelathini na kitu, nauli mbali. Muuza vifaa akanihakikishia ruta imekufa, ninunue mpya kwa laki moja na ushee. Shemeji naye akakubaliana na muuza vifaa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ruta mpya nayo ingeniuliza maswali yale yale, kwa sababu mpya na iliyorisetiwa hazina tofauti: zote hazimjui mtu.

Nikaigeuza ruta, chini yake kuna stika yenye jina la waifai ya kiwandani, neno lake la siri na anwani ya kuingilia ndani. Yangu ni TP-Link ya zamani kidogo, anwani yake 192.168.0.1. Nikaunganisha simu, nikafungua Chrome, nikaandika namba. Ukurasa ukazunguka weee, haukufunguka. Nikarudia mara nne. Nikajaribu kwa simu ya binti yangu, vilevile. Nilikaribia kuamini kwamba muuza vifaa alisema kweli.

Kilichoniokoa ni kutazama juu ya skrini. Simu ilikuwa imeungwa kwenye waifai, ndiyo, lakini ilishaona kwamba waifai hiyo haina intaneti, kwa hiyo ikawa inapitia kwenye bando langu kimyakimya. Namba niliyoandika ilikuwa inatafutwa huko kwenye mtandao wa simu, wakati mwenyewe yuko nusu mita kutoka kwangu. Nikazima data. Simu ikaniuliza kama nabaki kwenye waifai isiyo na intaneti, nikakubali. Ukurasa ukafunguka hapo hapo. Tafadhali likumbuke hili, kwa sababu naamini wengi wanaishia hapo na kwenda kununua ruta. Na namba iandikwe juu kabisa, pale penye anwani, siyo kwenye kisanduku cha kutafutia.

Nikaandika admin, na neno la siri admin. Ruta nyingi mpya zitakutaka utunge lako palepale.

Hapa niseme jambo lililonichanganya muda mrefu. Nyumba moja ina maneno ya siri matatu. La kwanza ni la waifai, ambalo wageni wanaliomba wakishakaa. La pili ni la kuingilia ndani ya ruta yenyewe. La tatu ni la kampuni: jina na neno la siri ambavyo ruta inavipeleka kwao ili wajue ni mteja gani, wamfungulie. Hilo la tatu ndilo lililofutwa na pini, na haliko kwenye stika. Ruta ikirisetiwa, aghalabu inarudi kwenye mpangilio uitwao Dynamic IP, ambao haupeleki jina lolote. Kampuni yangu inataka PPPoE, mpangilio unaopeleka jina na neno la siri. Kuna kampuni zisizotumia hilo, na wateja wao wakiriseti huenda wasione shida yoyote. Nadhani ndiyo maana kijana wa jirani alikuwa na uhakika vile.

Nikapiga tena simu. Safari hii alipokea kijana mpole, akathibitisha namba yangu ya mteja, akaanza kunisomea neno la siri, herufi kumi pamoja na tarakimu. Nikaandika, nikamsomea nilivyosikia, akasema sawa, nikahifadhi. Ruta ikajaribu, ikakataa. Pale panapotakiwa kutokea namba ya IP, yaani anwani ambayo kampuni inaipa ruta, palibaki 0.0.0.0. Nikafuta nikaandika tena, polepole. Sifuri zile zile. Nikaizima ruta dakika tano, kwa sababu wakati mwingine kule kwao bado wanakuhesabu kwamba umeingia. Sifuri.

Nikakaa na ile karatasi, nikaitazama kwa muda, nikajisomea kwa sauti kama alivyosoma yeye. Ndipo nikang'amua. Kijana alikuwa anataja herufi kwa Kiingereza, na mimi naandika kwa masikio ya Kiswahili. Aliposema "ii", yeye alimaanisha e. Mimi niliandika i. Aliposema "aa", yeye alimaanisha r. Mimi niliandika a. Na nilipomsomea, naye akanisikia kwa masikio yake, akaona sawa! Sisi tuliofundishwa a, e, i, o, u tangu chekechea, mtego huu unatusubiri kila tunaposomewa kitu kwenye simu.

Nikapiga mara ya tatu. Muda wa maongezi ulishaniishia kama elfu tatu hivi. Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee kwa maneno. E ya embe, r ya Rufiji, i ya Iringa. Na kila herufi uniambie kubwa au ndogo." Alifurahi sana, akaingia kwenye mtindo ule kwa bidii: k ya Kigoma, ndogo, e ya embe, ndogo, T ya Tanga, kubwa. Makosa yalikuwa matatu, pamoja na o ya Ocean Road niliyokuwa nimeiandika sifuri. Nikabonyeza alama ya jicho ili nione ninachoandika badala ya vidoti, nikahifadhi.

Zile sifuri zikabadilika kuwa namba kamili. Taa ya dunia kwenye ruta, iliyokuwa ya chungwa tangu asubuhi, ikageuka kijani. Nilipiga kelele mpaka binti yangu akatoka bafuni.

Kabla hajaanza kuunganisha simu yake nikamzuia, kwa kuwa nilikuwa na wazo. Nikairudishia waifai jina lile lile la zamani na neno la siri lile lile, bila kubadili hata herufi. Televisheni, printa, kompyuta yangu, kamera ya getini, simu zote, vikajiunga vyenyewe mmoja baada ya mwingine, bila mimi kuvigusa. Printa ndiyo iliyochelewa, kwa sababu ruta inarusha waifai mbili, ya gigahezi 2.4 na ya 5, na printa inaijua ile ya 2.4 tu, na nilikuwa nimesahau kwamba zamani ile ya 5 ilikuwa na jina lake peke yake. Neno la kuingilia ndani ya ruta nililibadilisha. Admin na admin kila mtu analijua.

Halafu, kwenye mipangilio ya mfumo kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya kila ulichokiweka, faili dogo sana. Nimelishusha, nimejitumia kwenye barua pepe. Siku pini itakaporudi, nitalipakia tu. Lile neno la siri la kampuni nimeliandika kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati, herufi kwa herufi na maneno yake pembeni: kigoma, embe, TANGA.

Kurasa 40 ziliondoka Jumapili saa nne usiku.