Uzoefu wangu: mfarishi mmoja wa leso, watu 15

Sisi ni kikundi cha kushona kwa kupenda tu, si biashara. Tuko 15, wengi wanawake na kaka mmoja wa Likoni ambaye mshono wake wa mkono masha'Allah unatushinda wengi. Jumamosi tunakutana kwangu hapa Tudor, Mombasa, kila mtu na kazi yake, huyu foronya, yule dera, mwingine anadarizi kofia. Sasa kuna bibi wa Kibokoni ndiye aliyetufundisha wengi wetu kushika sindano, mwaka jana akaacha kufundisha juu magoti yamechoka hawezi kukaa mkekani tena, nikaona tumshonee kitu kimoja sote. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: tushone mfarishi (lile tandiko la kitanda) wa viraka vya leso (kanga), kila mtu alete miraba miwili, itakuwa 30, mitano kwa upana na sita kwa urefu. Wote wakajibu sawa. Nikadhani kazi imeanza kumbe bado.

Dada mmoja aliuliza, kwani hii kwilti si mambo ya wazungu? Swali zuri na nililijibu kwa kirefu juu naliamini. Leso yenyewe ilianza kwa viraka. Jina latokana na Kireno, lenço, kitambaa cha mkono, na wazee wanasimulia kina mama wa pwani karne ya 19 walikuwa wakinunua vile vitambaa vikiwa bado vimeungana kwenye jora, wakikata sita, tatu huku tatu huku, wakishona pamoja wapate vazi moja. Ndio ikaitwa leso ya kushona. Na ukivuka bahari, India kule Karnataka wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, kina mama wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inaitwa kawandi, wanaanzia ukingoni wanazunguka mpaka kati, na kila kona wanatia kipande kilichokunjwa wanakiita phula, yaani ua. Binti mmoja wetu alitutumia picha za kawandi tukazipenda, zile kona tukaziweka kwenye mpango wetu siku hiyohiyo.

Basi kila mtu akaambiwa alete leso yenye habari yake, si lazima mpya ya Mtaa wa Biashara. Zilikuja leso za kujifungulia, za harusi ya dada, mmoja akaleta kisutu cha marehemu mamake, nyekundu nyeusi nyeupe, mikono ilinitetemeka kukikata. Lakini kabla ya mkasi kuna mambo mawili sikubali yarukwe. La kwanza kufua. Leso mpya ina wanga, ukifua wanga unatoka na pamba inajivuta inakuwa ndogo, sasa ukishona ambayo haijafuliwa na iliyofuliwa pamoja, siku ya kwanza majini mmoja anajivuta mwenzake yuko palepale na mfarishi unakunjamana wote. Na rangi pia, nyekundu hasa. Nilikuwa nasugua kila leso kwa kitambaa cheupe kilichoroa, kikishika rangi inarudi kwenye karai mpaka maji yatoke meupe. Kile kisutu kilifuliwa mara tano. La pili, kujua kama ni pamba kweli, juu siku hizi zipo leso ambazo si pamba, ukiziweka pasi ya moto zinayeyuka. Chomoa uzi mmoja uuchome, ukiacha jivu jepesi na harufu ya karatasi ni pamba, ukiganda kidonge kigumu si pamba. Leso tatu zilirudi kwa wenyewe, kwa heshima.

Sasa tuje kwenye kosa langu, na hapa ndipo nataka mtu anayepanga kazi kama hii asome polepole. Niliandika tu, kateni inchi 12 na nusu, mshono robo inchi, mraba ubaki 12. Basi. Nikawaacha. Watu wakawa wanatuma picha kwenye grupu tunapongezana maua na mioyo, mie nafurahi, kumbe picha haipimi kitu. Siku ya kukusanya nikaitandaza chini, mraba huu 12, huu 11 na robo, huu 12 na robo tatu. Tepu za fundi zikizeeka zinavutika, na wengi walipima robo inchi kwa mguu wa cherehani, na mguu wa cherehani yangu sio upana wa yako. Ukikosea nusu inchi kila mraba, kwa miraba mitano ushapotea inchi mbili na nusu upande mmoja, na jirani yako amekosea kwenda kule kwengine. Haiungani.

Nililala nayo siku mbili. Alafu nikanunua marekani, ile pamba ghafi, nikaifua, nikakata vipande vya inchi 13 mwenyewe kwa mkono mmoja na mkasi mmoja, nikavigawa. Sasa kila mtu anashona leso zake juu ya kipande cha marekani apende anavyopenda, pembe tatu, maua, vipande ovyoovyo, akimaliza ananiletea mie napunguza kufika 12 na nusu. Kipimo nilitengeneza kwa filamu kuukuu ya eksirei ya kifua, ile kubwa ya inchi 14 kwa 17. Haivutiki, na juu inapenyeza mwanga waona ua la leso limekaa katikati ama limekwenda upande. Kuanzia hapo miraba ikawa sawasawa. Uhuru ndani, kipimo nje, na kipimo kishikwe na mtu mmoja, wengine wakasirike kidogo sawa.

Ikabaki miraba miwili ya shangazi mmoja wa Kisauni, mkubwa wetu kwa umri, alimaliza mapema kabla ya marekani na yake ni ile ya 11 na robo. Kumrudishia? Haiwezekani, na sikutaka. Nikaizungushia ukanda mwembamba wa buluu kama fremu ya picha, nikapunguza ikafika kipimo, alafu nikaweka fremu hiyohiyo kwenye miraba mingine minne iliyokuwa haina shida yoyote, ikaonekana ndio mtindo. Akaiona akasema buluu imependeza. Imependeza kweli.

Jambo la jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lilituchukua jioni nzima. Mraba mmoja ulikuja umekata methali, ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ikabaki "kwa dhiki ndiye". Kaka wa Likoni akasema mtu anayeijua leso hawezi kumpa mzee maneno yaliyokatwa, na yuko sahihi, leso ni maneno. Tukafumua. Jina haliingii kwenye inchi 12 kwa hivo majina yote tukayaweka nyuma, mazima, kwenye kitambaa cha chini.

Kati ya miraba tulitia kanda za marekani za inchi mbili, za kitambaa mara mbili, na kuzunguka pia, ndio ikafika inchi 72 kwa 86. Bila kanda ingekuwa 60 kwa 72, sawa na godoro la futi tano kwa sita, hakuna cha kuning'inia pembeni. Pamba ya kujazia hatukutia, kwa joto la Mombasa nani atajifunika, ile marekani ya ndani yatosha kuupa mwili.

Muda uliponibana ni Ramadhani. Wawili kati yetu ni mafundi na kabla ya Idd wana oda mpaka usiku, nilipaswa kulijua hilo, tukasimama wiki tano. Baada ya Idd tukautandaza sebuleni, tukabana kwa sefti pini kuanzia kati kwenda nje, tukapiga bandi, alafu watu sita sita tunakaa kuuzunguka tunashona kwa mkono. Jumamosi nne. Kona tukatia maua ya kawandi.

Tukaupeleka Kibokoni. Bibi, shikamoo. Marahaba wanangu. Hakuangalia juu kwanza, aliupindua akakagua mshono kwa nyuma, akasoma majina ya leso moja moja kwa sauti mpaka la mwisho, alafu ndio akaugeuza akaanza kutuuliza ua hili la nani, na hili la nani, na kisutu hiki amekitoa nani. Umefuliwa mara mbili sasa, nyekundu haijatoka. Kona moja ua limeanza kufunguka, nitakwenda Jumamosi na sindano.