Machungwa ya Upande wa Kisimani

Mwanangu hataki tena kufuatana nami sokoni Darajani. Anasema namtia haya. Jumamosi iliyopita muuza machungwa alinipangia fungu la matano, na mie badala ya kuyaminya kama watu wengine nikaokota lile moja lililokuja na jani lake, nikalichungua kikonyo, kisha nikalifikicha jani na kulinusa. Muuzaji akacheka. "Mama, unanunua machungwa au dawa?" Nilipogeuka, mwanangu alishajisogeza kwenye meza ya ndizi, kajifanya hanijui.

Yalikuwa machungwa kweli. Nikachukua mafungu mawili.

"Kwani ungekosea ingekuwaje?" akaniuliza njiani.

Nikamwambia akamuulize mama mkubwa, dada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiposwa siku hiyo.

Ilikuwa 2008, kiza cha kwanza cha kukosa umeme Unguja. Watu ukiwatajia kiza wanakumbuka kile cha miezi mitatu, kilichoanza Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Cha kwanza kilikuwa cha mwezi mmoja tu, kwa hiyo kimesahauliwa, lakini kwetu hakisahauliki. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, unatokea Fumba, na mwezi wa Mei likaharibika lililoharibika, kisiwa kizima kikazimika. Mjini maji hayakupanda maana pampu nazo zinataka umeme, jenereta za wenye nazo zikaunguruma kutwa, na kipande cha barafu ukikipata unakikimbiza nyumbani kama mgonjwa. Mama akatufungasha mimi na Dada tukahamia shamba, Dole, kwa Bibi, ambako umeme hata ukiwepo hakuna aliyeutegemea, na kisima kilikuwa hapo hapo uwani.

Posa nayo ikatufuata huko huko. Wazee wa upande wa mume walishaahidi Alhamisi baada ya Alasiri, na baba mkubwa hakutaka kusikia habari ya kuahirisha. Shida ikawa cha kuwapa wageni. Mama alikuwa kapanga soda baridi na sharubati, vyote vya kutaka friji. Soda ya moto uwape watu waliokuja kuomba mke? Mama alikaribia kulia. Bibi alikuwa barazani akisuka ukili. Hakuinua hata uso. Akasema, "Tutawafanyia machungwa."

Machungwa ya Bibi nikiyaandika hapa mtasema ni kachumbari tu. Ni kachumbari, ndiyo. Lakini uzile wake, ile bizari nyembamba, aliukaanga kwenye kikaango kikavu mpaka ukaanza kurukaruka na harufu ikafika njiani, akautwanga kwenye kinu kidogo pamoja na pilipili manga, asiusage kuwa unga, uwe na chenga. Kitunguu maji alikikata chembamba, akakifikicha kwa chumvi na kukiosha mpaka ukali wote ukatoka. Pilipili mbuzi alitia moja tu, bila mbegu, kwa kuwa wageni hatukuyajua matumbo yao. Nanaa alichuma pale pale karibu na mtungi. Na kabla ya yote hayo machungwa yalitiwa kwenye kikapu cha ukili, yakateremshwa kwa kamba mpaka karibu yaguse maji ya kisima, yakashinda huko tangu asubuhi. Yalipopandishwa ulikuwa huwezi kulishika moja kwa muda mrefu bila kulihamisha mkono. Friji gani?

Sasa, mti wenyewe. Mchungwa wa kisimani aliupanda Babu na akaubebesha kwa mkono wake: chini shina la mdanzi, mti wa chungwa chungu, maana mdanzi ni mgumu na hauna deko, juu yake jicho la chungwa tamu. Kwa miaka mti ukazaa machungwa ya kusifiwa. Kisha Babu akafariki, na hakukuwa na mtu wa kukata machipukizi yanayotoka chini ya pale alipounga. Chipukizi moja likaachwa likawa tawi, na tawi likawa nusu ya mti. Upande wa njiani machungwa, upande wa kisimani madanzi, shina moja. Ukisimama chini yake huoni tofauti mpaka ujue pa kutazama: jani la danzi lina jani jingine dogo kwenye kikonyo chake, pana, kama limevaa kola. Chungwa nalo linalo, lakini jembamba mno, jicho linaliruka. Mimi nilikuwa na miaka 12, mtoto wa mjini. Sikujua pa kutazama.

Nakumbuka sauti ikisema, "Chuma ya upande wa kisimani, ndiyo yaliyoiva." Sauti ya nani? Hapo ndipo penye kesi.

Nikachuma. Miiba ikanichoma mara mbili na sikujiuliza. Baadaye nikapewa kazi ya kumenya. Chungwa la kachumbari halimenywi kwa kidole. Unalikata kichwa na kitako, unalisimamisha, kisu kinashuka ubavuni na ganda pamoja na ile ngozi nyeupe, mpaka nyama ing'are. Kisha unalikata duara duara, na kila mbegu unaitoa kwa ncha ya kisu. Mbegu zilikuwa nyingi mno. Nilizihesabu za moja, zikapita 20. Nikamwambia Bibi.

"Toa," akasema.

Hakuna aliyeonja. Bibi alikuwa kafunga sunna ya Alhamisi. Mama alikuwa akihangaika na vikombe. Mimi kuonja chakula cha wageni nilikuwa naujua ujira wake.

Walikuja watano. Kanzu zimenyooka, ingawa baadaye tulisikia walizunguka mtaa mzima kutafuta pasi ya makaa. Nikatoka na sinia, juu yake bakuli la kioo la Bibi na vibakuli na uma. Mmoja akaomba radhi, kafunga. Wakabaki wanne. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya mkono imekaa sawasawa, na kwa kuwa alikuwa kakaa mkekani nikapiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Akachukua uma. Akachagua duara la juu kabisa, lile nililoliweka mwenyewe kwa uzuri wake, limebeba jani la nanaa. Akalitia mdomoni lote.

Mashavu yakaingia ndani. Kisha jicho la kushoto likafumba, peke yake. La kulia likabaki wazi linanitazama. Taya ikasimama. Chenga moja ya uzile ilikuwa imemganda kwenye mdomo wa juu na hakuifuta. Barazani kimya, kuku tu wakiparura, na kule ndani kijiko cha Mama kikigonga kikombe, kikigonga, kikigonga. Mimi nimeshika sinia kwa mikono miwili, mikono inaniuma. Nikaliona koo lake likipanda, likakaa juu kidogo kama linafikiri, likashuka. Jicho la kushoto likafunguka, lina maji.

"Danzi?" akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, ya mimi na yeye.

"Machungwa, babu."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu. "Machungwa."

Akachukua la pili.

Sasa mkubwa wao kachukua la pili, wale wengine wafanye nini? Wakala. Mmoja akakohoa, akasingizia pilipili. Mmoja alikuwa na leso, na naapa leso ile ilirudi mfukoni nzito kuliko ilivyotoka. Yule wa saumu aliwatazama mmoja mmoja. Sidhani kama amewahi kuishukuru Alhamisi kama ile.

Bakuli likarudi tupu. Nikiwa ukumbini nikalamba kidole, na hapo ndipo ulimi uliponiambia. Tobaa! Si uchungu wa mchezo, ni ule unaoingia mpaka nyuma ya masikio.

"Wamekula?" Bibi akauliza.

"Wamemaliza."

Akanyamaza kidogo. "Watu wazima," akasema, akaenda kutia udhu.

Nilikuwa nimemwekea kibakuli chake cha futari. Magharibi alifungua kwa tende na maji, akasali, akala muhogo. Kibakuli hakukigusa, wala hakuuliza ni cha nini.

Posa ikapokelewa, Juni umeme ukarudi, harusi ikawa baada ya Idi. Shemeji yangu mpaka leo ananiita Bi Danzi, hata mbele za watu. Yule mzee mwembamba alifariki miaka michache baadaye na sikuwahi kumwambia kitu. Kila tulipokutana harusini au matangani nilimsalimu na yeye akanifumbia jicho la kushoto.

Bibi nilimuuliza mara moja tu, alipokuwa mgonjwa. Akaniambia, "Macho yangu haya yanaona majani tangu lini?" Wiki hiyo hiyo alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, mimi nikiwepo.

Kwa miaka niliamini sauti ile ilikuwa yake. Mpaka usiku mmoja tukikosha vyombo Dada akasema, bila kugeuka, "Mimi ndiye niliyekwambia ya kisimani." Nikacheka. Hakucheka. "Nilikuwa na miaka 19," akasema, "na siku ile nilikuwa bado sijaulizwa kitu na mtu." Kisha akaniomba nimpe sufuria. Kesho yake nilipomrudia akasema alikuwa ananitania. Mama naye anasema hakuna aliyesema lolote, nilikwenda mwenyewe upande ule kufuata kivuli. Yawezekana. Upande wa kisimani ulikuwa na kivuli kizuri.

Dada ana watoto wanne sasa, na mume anayemchekesha, nimewaona. Sijui kwa nini ile sauti yake ya jikoni bado inanikaa. Nikiwa na miaka 12 nilidhani nimebeba machungwa, na sasa sina hakika hata na hilo.

Basi Jumamosi, baada ya sokoni, nikatengeneza. Uzile kwenye kikaango kikavu, kitunguu, nanaa. Pilipili mbuzi nusu, kwa ajili ya watoto. Machungwa yalikaa kwenye friji, umeme ulikuwepo siku nzima, alhamdulillahi. Nikaonja mara tatu kabla ya kupakua. Dada alikuja mchana na wanawe wawili, akala duara moja, akala la pili, akaweka uma.

"Matamu mno haya," akasema, akaniomba ndimu.