Bibi kaniuliza avae nini

Harusi ya mdogo wangu imepita salama, baba katoka wodini, umeme umerudi. Alhamdulillahi. Lakini usingizi wangu umechukuliwa na bibi yetu wa Mikindani, Mtwara. Jumanne anatakiwa ofisi ya ustawi wa jamii, kwa kuwa mjukuu wake wa darasa la tatu amekuwa akikosa shule.

"Mwanangu, nikivaa kanga mpya watasema pesa ninayo, mtoto nimemtupa. Nikivaa ya shamba watasema nimeshindwa. Nivae nini?"

"Vaa unayovaa kwenda zahanati, bibi."

"Huko zahanati nako wananisema."

Wananisema. Neno hilo naenda nalo sokoni, narudi nalo. Bibi anajiandaa kuhukumiwa, na kikao hiki si mahakama. Amri ya matunzo, ile ya kumwondoa mtoto anapoishi, hutolewa na Mahakama ya Watoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Jumanne afisa ustawi atataka kujua mtoto analala wapi, anakula nini kabla ya shule, anaadhibiwaje, na nani anabaki naye bibi akiwa shambani. Kanga haimo. Na mwalimu aliyepeleka taarifa asinuniwe, maana kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa aifikishie taarifa mamlaka ya serikali za mitaa.

Bahasha tumeshaandaa: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, madaftari ya shule, kadi ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kila karatasi ina kivuli chake; kinachoachwa mezani ni kivuli, karatasi yenyewe inarudi nyumbani. Mama wa mtoto yuko Dar, basi saa ya kikao simu yake iwe hewani. Kuishi kwa bibi hakujawaondolea wazazi wajibu wa matunzo, na afisa lazima atauliza wanatuma nini na mara ngapi.

Ninalolisisitiza kuliko yote: mtoto asikaririshwe majibu. Ana haki ya kutoa maoni yake, na mara nyingi huulizwa peke yake. Aliyekaririshwa hujibu upesi mno kwa maneno ya mtu mzima, halafu swali la pili linamkwamisha, na hapo afisa huanza kutafuta kinachofichwa hata kama hakipo. Aambiwe tu wanakwenda wapi, nani watakuwepo, na kwamba akijua aseme, asipojua aseme hajui. Asiahidiwe soda wala asitishiwe kupelekwa kituoni.

Jana mwalimu katupa orodha ya mahudhurio, na kifua changu kikafunguka. Tangu Oktoba, karibu kila alipokosa ni Alhamisi na Ijumaa. Ndizo siku bibi analala shambani kuokota korosho, na hana wa kumwachia mtoto. Bibi alipoziona zile alama zilivyopangana akaweka kidole juu yake. "Kumbe ni shamba," akasema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

Mtoto naye huokota akiwa huko. Hilo bibi aliseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Majibu ya "kila kitu kipo sawa" ndiyo yanayoharibu vikao hivi, kwa sababu mwalimu ana daftari mkononi.

Jirani, yule mama wa chapati, amekubali mtoto alale kwake siku hizo mbili mpaka msimu uishe. Nimemwomba aje kikaoni aseme kwa mdomo wake. Ahadi ya mtu asiyekuwepo haina uzito. Kisha iandikwe kwenye mpango: nani, siku zipi, mpaka lini, nani atafuatilia. "Nitamlea vizuri" haifuatiliki. Bibi asomewe yote kabla ya kuweka dole gumba, na aondoke na nakala. Kwa mara ya kwanza wiki hii naona kikao hiki kinaweza kumsaidia.

Sasa wasiwasi wangu uko kwa mama: kaka hapokei simu tangu asubuhi. Korosho za mama kule Nanyamba ziko nje kwenye mikeka, hazijakauka sawasawa, na wingu zito limetanda. Zikilowa zitashushwa daraja la pili, na mama peke yake hawezi kubeba gunia.