Nilivyoweka kisanduku cha ridhaa ya vidakuzi kwenye mfumo wa kuuza safari

Nautunza mfumo wa kuweka nafasi wa kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Wageni wake wengi wanatoka Ujerumani na Ufaransa, na wakala mmoja wa huko alituandikia akitaka tovuti iwaombe wateja wake ridhaa kabla ya kuwawekea vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari cha mgeni. Alikuwa na haki. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, haijali ofisi yako iko wapi. Ukiwauzia huduma watu walioko Umoja wa Ulaya, inakuhusu. Na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023.

Kuchora kisanduku ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe hasa ni kuhakikisha hakuna kitu kinachotangulia jibu la mgeni, kwa hiyo nilianza kwa kutafuta nani anaweka nini. Nilifungua dirisha fiche la Chrome, lisilo na vidakuzi vya zamani, nikaingia kwenye zana za wasanidi, nikapakia ukurasa wa kwanza bila kugusa chochote. Vidakuzi vyetu vilikuwepo: cha kumtambua mteja anapojaza fomu, cha kuzuia fomu za kughushi, na cha lugha aliyochagua. Hivyo havihitaji ridhaa, kwa sababu bila hivyo huduma aliyoiomba mgeni haitembei. Lakini palikuwa pia na _ga, kidakuzi cha Google Analytics (zana ya kuhesabu wageni wa tovuti), ambayo hukaa miaka 2, na _fbp ya Meta Pixel (zana ya kupima matangazo ya Facebook), na vingine vya YouTube vilivyokuja na video ya Ngorongoro. Mgeni hajasoma hata mstari mmoja, tayari huduma tatu za nje zimeshamwona.

Skripti za vipimo na matangazo, yaani vipande vya msimbo vinavyoendeshwa na kivinjari, nilizibadilisha aina ikawa text/plain, maandishi ya kawaida. Kivinjari kikiona aina hiyo hakiitekelezi. Mgeni akikubali, msimbo wangu unaunda skripti mpya yenye anwani ileile na kuiingiza ukurasani. Kubadilisha aina peke yake kwenye ile ya zamani hakuiamshi. Video niliifunika kwa picha tulivu yenye kitufe cha kucheza na sentensi moja ya kueleza kwamba ukibonyeza, YouTube itapata taarifa zako. Ukurasa ukawa mwepesi zaidi, na kwa mtu anayetumia bando hilo si jambo dogo.

Kwenye kisanduku chenyewe nilishikilia jambo moja bila kuyumba: "Kataa vyote" na "Kubali vyote" viwe na ukubwa mmoja, rangi moja, mstari mmoja. Nimechoshwa na tovuti zinazong'arisha kukubali na kuficha kukataa nyuma ya kurasa mbili. Hata sheria imechoka nazo: Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Visanduku vya kuchagua aina moja moja niliviacha vitupu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kwamba tiki iliyowekwa tayari si ridhaa.

Kubadilisha mawazo ndiko kulikonisumbua zaidi. Kuondoa ridhaa kunatakiwa kuwe rahisi kama kuitoa, kwa hiyo chini ya kila ukurasa niliweka kiungo cha mipangilio ya vidakuzi. Ila _ga inagoma kufutika usipotaja kikoa (jina la tovuti) kilekile ilichoandikiwa, ambacho ni kile kikuu chenye nukta mbele, na siyo kile kidogo cha mfumo. Na hata ikifutika, skripti iliyokwisha kupakiwa bado iko hai kwenye kumbukumbu, itaiandika tena. Nikafanya hivi: mgeni akiondoa ridhaa, nafuta kwa kutaja kikoa na njia, kisha ukurasa unajipakia upya.

Jibu la mgeni nalihifadhi miezi 6, muda ambao CNIL wenyewe wanaupendekeza, pamoja na toleo la maelezo aliyoyasoma. Tukiongeza zana mpya toleo linabadilika na swali linaulizwa tena.

Baada ya mabadiliko kwenda hewani, takwimu za Analytics zilishuka, na mama mwenye kampuni akanipigia. "Mwanangu, mbona wageni wamekimbia?"

"Hawajakimbia, mama. Wamekataa kufuatwa."

Nilikwenda ofisini tukakaa pamoja mbele ya kompyuta. Nikamfungulia kanzidata yetu: maombi ya safari, malipo ya awali, nchi anayotoka kila mteja, vyote viko pale kwa sababu mteja mwenyewe ameandika. Maombi yalikuwa hayajapungua. Tukakubaliana ripoti yake ya kila Jumatatu itoke huko, na nikaiandika jioni hiyohiyo. Meta Pixel aliamua mwenyewe tuiondoe kabisa, maana hakuwa ameweka tangazo Facebook tangu msimu uliopita, kwa hiyo kisanduku kikabaki na aina moja tu ya kuulizia.