Jinsi nilivyohakikisha faili za programu yangu ya C zinazaliwa na ruhusa sahihi

Niliandika kwa lugha ya C programu inayotoa kila usiku ripoti ya mikopo ya wanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, na ripoti hizo hukaa kwenye seva ya Linux yenye watumiaji wengi. Sharti lilikuwa kwamba mwenye faili asome na kuandika, wahasibu walio katika kundi la faili wasome tu, na mtu mwingine yeyote asione chochote. Kwa namba za msingi wa nane, ruhusa hizo ni 0640.

Programu ilikuwa ikiunda faili kwa fopen, na fanksheni hiyo haina mahali pa kutaja ruhusa: yenyewe huomba 0666, yaani kila mtu asome na kuandika. Kinachopunguza ombi hilo ni umask, thamani ambayo kila mchakato unayo na ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huitumia kufuta biti za ruhusa zisizotakiwa. Kwenye kompyuta nyingi umask ni 022, hivyo faili hubaki na 0644, na ripoti yenye majina na madeni ya watu ingeweza kusomwa na yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile. Ni muhimu kushika kwamba umask hufuta tu, haiongezi kitu, na wala haifanyi hesabu ya kutoa: 0666 ikipita kwenye umask ya 0027 hubaki 0640, wala si 0637.

Aidha, mchakato hurithi umask kutoka kwa ule uliouanzisha. Programu ile ile ikiendeshwa na mtu kutoka kwenye sheli yake, kisha ikaendeshwa na cron, huduma inayoanzisha kazi kwa ratiba, inaweza kutoa faili zenye ruhusa tofauti bila mstari wowote wa msimbo kubadilika. Kwa sababu hiyo niliweka mwanzoni kabisa mwa main mstari huu:

umask(0027);

Niliuweka kabla ya faili yoyote kufunguliwa na kabla ya nyuzi zozote (threads, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja) kuanzishwa, kwa kuwa nyuzi zote za mchakato mmoja hutumia umask moja, na uzi mmoja ukiibadilisha katikati ya kazi huwaathiri wenzake.

Wapo wanaopendelea kuiacha faili izaliwe ilivyo, kisha waifanyie chmod, yaani wabadilishe ruhusa zake baadaye. Kwa data za siri napinga njia hiyo kwa nguvu zote. Kati ya kuundwa kwa faili na kurekebishwa kwake kuna mwanya, hata ukiwa mfupi mno, na mchakato mwingine ukiwahi kuifungua faili ndani ya mwanya huo, utaendelea kuisoma hata baada ya ruhusa kubadilishwa, kwani ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua.

Kwa ripoti zenyewe niliacha fopen nikatumia open, kisha fdopen ili niendelee kuandika kwa fprintf:

int fd = open(njia, O_WRONLY | O_CREAT | O_EXCL, 0640);

O_EXCL ina kazi kubwa hapo. Faili ikiwa ipo tayari, open haigusi ruhusa zake za zamani, kwa hiyo ni afadhali ikatae na kurudisha hitilafu. Sifuri ya mwanzo nayo ni ya lazima, kwa maana 640 bila sifuri husomwa kama namba ya kawaida, ambayo kwa msingi wa nane ni 1200, na hapo hata mwenye faili hawezi kuisoma.

Ili faili zichukue kundi la wahasibu, niliikabidhi saraka ya ripoti kwa kundi hilo na kuiwekea ruhusa 2750; ile 2 ya mwanzo (setgid) huzifanya faili mpya zirithi kundi la saraka.

Nilijaribu kwa kuandika umask 000 kwenye sheli na kuendesha programu, kisha nikarudia kwa umask 077. Mara zote mbili ls -l ilionyesha -rw-r-----. Jambo la mwisho nililokagua ni ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada za faili au saraka, kwa kuwa saraka yenye ACL chaguo-msingi huifanya kerneli iiache umask kando na kuifuata ACL hiyo pamoja na ruhusa zilizoombwa. Amri ya getfacl haikuonyesha mstari wowote unaoanza na neno default, nami nikaikabidhi programu kwa msimamizi wa seva.