Coaster ya Kigamboni: oili chini, chanzo juu

Coaster ile, basi dogo la Toyota la modeli ya HZB50 lenye injini ya dizeli ya 1HZ, ililetwa gereji kwetu Kigamboni, Dar es Salaam, mwezi Machi, masika yakiwa yanabisha hodi. Ilikuwa imeshageuzwa nyumba: viti vimeng'olewa, kitanda nyuma, jiko la gesi na sinki ubavuni, feni ya kutolea hewa kwenye paa. Mwenyewe, mzee mstaafu aliyetaka kuzunguka nchi na mkewe, alikuwa na malalamiko mawili. Oili ilidondoka pale injini inapoungana na giaboksi, na sakafu mbele ya sinki ilikuwa imeanza kubonyea. Alikotoka alishaambiwa sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, imekufa, giaboksi lazima ishuke, na kwamba kutu ni ya chumvi ya bahari, haina dawa.

Kushusha giaboksi ya Coaster si mchezo. Propela inafunguliwa, klachi inatoka, flaiwili inatoka, ndipo sili ionekane. Kazi ya namna hiyo haianzwi kwa kukisia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa oili chafu. Kuna mtu alikuwa ameipiga chini ya gari zima ili kuzuia kutu, desturi ambayo sijawahi kuikubali. Oili chafu hukamata vumbi na mchanga, huvimbisha bushi za mpira, na baya zaidi huficha uvujaji. Chini kote kukiwa kumelowa, utajuaje tone limetoka wapi? Tukafunga alteneta na starta kwa nailoni, tukaosha injini kwa dizeli na brashi, kisha sabuni na maji. Ilipokauka kabisa tukapaka poda ya watoto sehemu ya nyuma ya injini na kwenye maungio yote, tukaiwasha ikae sailensi bila kukanyaga mafuta mpaka ikapata joto.

"Kwa hiyo fundi, giaboksi haishuki?" mzee akauliza.

"Bado, mzee wangu. Tuone kwanza poda inasemaje."

Poda ilionyesha mstari mmoja mweusi. Ulianzia kona ya nyuma ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, juu kabisa, ukashuka na ubavu wa bloku hadi kwenye maungio ya giaboksi, ukadondokea hapo. Oili siku zote hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo anayetazama tone la mwisho ataituhumu sili isiyo na kosa. Oili yenyewe tuliipima kwa vidole pia. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi, na ina harufu ya moshi. Ya giaboksi ni nzito, inanuka salfa kiasi cha kukukunja pua. Hii ilikuwa ya injini.

Wengi wangeishia hapo, wabadilishe gasketi ya tapeti kava na kumkabidhi mtu gari lake. Lakini gasketi ya mpira hukakamaa kwa umri, na pia husukumwa na presha ya gesi ndani ya injini. Tukafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensi, tukakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kikichezacheza kidogo, ni kawaida. Kile kilirushwa pembeni, na kiganja kikiwekwa kilihisi msukumo. Tukachomoa mpira wa briza, bomba la kupumulia injini, ule unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye bomba la hewa, tukarudia. Kifuniko kikatulia. Jibu likawa wazi: ringi za pistoni, zinazozuia gesi isipenye kwenda chini, bado zina nguvu, mpira ndio umeziba. Tulipoupasua, ndani mlikuwa na utando mgumu wa masizi na oili, umebaki upenyo ambao kalamu isingepita.

Gasketi na mpira vilinunuliwa mtaa wa Gerezani mjini. Uso wa hedi tuliufuta kwa thina mpaka kitambaa kikatoka kikavu, tukaweka gasketi mea, gundi ya kuzibia, kidogo tu kwenye pembe ambako kepu za kamshafti, mhimili unaofungua valvu, zinakutana na hedi, na kwingine kote mpira mkavu. Bolti zake ni ndogo. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili, na spana fupi, kwa sababu ukizibana sana mpira unapinda ukatokea pembeni na kuvuja vibaya kuliko ule wa zamani.

Kwa kuwa presha ile ile husukuma sili zote, hatukuondoka bila kufungua kava la taiming belti, mkanda unaozungusha kamshafti. Sili ya mbele ya kamshafti ilikuwa imeanza kutoa unyevu. Hii ndiyo ya kuiogopa, maana oili huila belti, na belti ya 1HZ ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Tukabadilisha sili, belti na pulei ya kukazia kwa pamoja. Mdomo wa sili ulipakwa oili safi, na yenyewe ikasukumwa kwa kipande cha bomba chenye mdomo sawa ili isiingie upande.

Kutu nayo ilikuwa na mkasa huohuo. Chumvi ya Kigamboni ni kweli inakula bati, lakini chini, karibu na magurudumu, palikuwa na kutu ya juu juu tu. Iliyotoboka ni sakafu ya ndani. Tulipoinua plaiwudi tukakuta sponji imelowa chapachapa, nayo ilikuwa imelalia bati miezi na miezi. Tukaanza kumwagia maji kwa mpira, taratibu, kutoka chini kwenda juu: kwanza mlango, kisha madirisha, kisha paa, mmoja akiwa ndani na tochi. Kwenye madirisha hapakupita kitu. Maji yalipofika kwenye feni, tone likatokea nyuma ya dari, likafuata nguzo, likaingia chini ya sinki.

Aliyekata tundu la feni aliacha kingo za bati tupu, akaziba kwa silikoni ya bei rahisi, ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na kwenye bati lisilo na rangi huanzisha kutu palepale chini ya kizibo. Tuliikwangua yote, kwa sababu juu ya mabaki ya silikoni hakishiki rangi wala gundi.

Bati lilioshwa kwa maji yasiyo na chumvi kwanza ili chumvi itoke, kisha grinda na brashi ya waya mpaka likang'aa. Palipodungwa bisibisi ikapenya palikatwa pote, pakachomelewa bati la milimita 1.2. Kabla ya hapo tulitoa mtungi wa gesi nje, tukaondoa sponji na plaiwudi za jirani kwa hofu ya moto, na kuchomoa nyaya za betri kuilinda alteneta. Uchomeleaji ulikuwa wa nukta zilizoachana, kwa zamu huku na huku, bati lisijikunje. Vishimo vya kutu vilivyobaki vilipakwa dawa ya asidi ya fosfori, vikageuka vyeusi. Praima ya epoksi ilipigwa siku ileile. Kwa hewa ya pwani, bati tupu likilala usiku mmoja asubuhi lina rangi ya chungwa. Koti mbili, na juu ya viungo tukaweka gundi ya kuzibia ya Sikaflex. Matundu ya kutolea maji kwenye mihimili tuliyazibua kwa waya, na ndani tukapulizia nta ya kuzuia kutu.

Sponji haikurudishwa sakafuni. Mzee aliambiwa aweke boksi la karatasi chini ya injini kila anapolaza gari, tone likidondoka lionekane, na kilomita za belti mpya tukaziandika kwa rangi kwenye kava lake, ibadilishwe tena zikiongezeka 100,000.