Dedlaini ya saa 5:59 usiku

Hivi nani alianzisha hii tabia ya kuweka dedlaini ya asaimenti saa 5:59 usiku? Maana miaka yangu yote ya chuo ilikuwa hivyohivyo, unakaa na laptop, kahawa ya tatu hiyo, unatuma saa 5:57 mikono inatetemeka, halafu unajidanganya kwamba sasa unalala. Wapi! Kafeini huchukua kama masaa matano hivi kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa nne usiku bado inakudai saa tisa, na saa mbili asubuhi kuna lekcha.

Halafu chuo hichohicho kikatuletea wiki ya afya. Fulana, mabango, mazoezi uwanjani, na mada ya kwa nini mtu mzima alale angalau masaa saba, ambayo waliipanga jioni ya siku tuliyokuwa na asaimenti mbili za kutuma. Nilicheka peke yangu.

Mazoezi sina ugomvi nayo jamani. Ila mwaka 2015 watu wa vyuo vya nchi mbalimbali walikutana Kelowna, Kanada, wakatoka na Mkataba wa Okanagan, na unachodai ni kwamba afya iingie kwenye kila kitu cha chuo, utawala, uendeshaji, ufundishaji, yaani mpaka ratiba. Sio kuisukumia zahanati.

Na hata majengo. Ofisi ya mshauri nasaha kwetu ilikuwa inatazamana na dirisha la kulipia ada, foleni haikatiki, ukitaka kuingia na shida zako ujue nusu ya darasa itakuona. Mi nilifika pale mara mbili nikiwa na hali mbaya kweli, mara zote mbili nikaishia kujifanya naulizia risiti.

Mwalimu mmoja tu ndo alihamishia dedlaini zake saa kumi jioni. Tulimlalamikia weee, eti anatunyima muda. Siku ya kwanza nikatuma, nikaenda kuoga, nikala kwa kutulia na watu, saa tatu usiku nimeshalala fofofo, kitu ambacho sikumbuki kukifanya semista nzima.

Ada nasikia siku hizi wanalipia kwa simu, foleni hamna tena. Angalau ule mlango sasa utakuwa unafikika.